Maalim Aliyekuja Kusoma Nasi Misri

Maalim wetu alisomesha huku anashona kofia. Alikaa kwenye kiti chake cha mbele, kitambaa cheupe mapajani, sindano ikipanda na kushuka, nasi tukisoma kwa zamu. Mgeni angedhani hasikilizi. Lakini mtoto akikosea neno moja, sindano ilisimama. Maalim hakunyanyua macho wala hakusema kitu. Alingoja mpaka mwenyewe ugundue kuwa darasa zima limenyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Sema tena, kwa sauti ya mtu anayejua." Ukirudia sawasawa, sindano iliendelea na kazi yake. Hatukupata sifa nyingine kutoka kwake, na hatukuwa na haja ya nyingine.

Jina lake silitaji kwa sababu sisi wenyewe hatukulitumia. Pale Mkoani, kisiwani Pemba, walikuwapo waalimu kadhaa, na kila mmoja aliitwa Maalim pamoja na jina lake. Yeye aliitwa Maalim tu, na hakuna aliyeuliza yupi. Habari za wazee wake na alikozaliwa nazo nawaachia jamaa zake. Mimi nitaeleza niliyoyaona, na nitayaeleza kama yanavyonijia.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kanzu yake ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho kwa sababu aliifua mwenyewe na kuitia buluu mwenyewe. Alifika skuli kabla ya mtu yeyote, akafagia darasa kwa fagio la chelewa, akafuta ubao kwa kitambaa cha maji, kisha akasimama mlangoni kutupokea. Alimwamkia kila mtoto kana kwamba amekuja mgeni wake. Mama zetu walipenda sana jambo hilo. Walisema mtoto anayepokewa hivyo asubuhi hawezi kurudi nyumbani akawa mshenzi, ingawa baadhi yetu tulijitahidi.

Msimu wa karafuu ulipoingia, skuli zilibaki na madawati matupu. Watoto tulikwenda kuchuma pamoja na wazee wetu, na hakuna aliyetulaumu, maana karafuu ikiiva haimngoji mtu. Waalimu wengine waliandika majina ya wasiofika, wakafunga milango. Maalim alichukua ubao mdogo, akautia kichwani kama mtu aliyebeba jamvi, akatufuata mashambani. Alasiri, watu wakikaa makundi makundi kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo, vile vijiti vyake, yeye aliuegemeza ubao kwenye shina la mkarafuu akaanza somo. Mikono yetu ilichambua, midomo ikajibu. Hatukuweza kuandika, kwa hiyo kila kitu tulikihifadhi kwa moyo.

Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja katika maisha yake. Lakini kwa misimu mitatu ya karafuu alikaa kwenye jamvi lile lile, na mpaka anafariki aliweza kuitaja mito mikubwa ya Afrika mmoja baada ya mwingine, na bahari kila mmoja unakomwagikia. Akinisikia nasitasita nyumbani, alinimalizia jibu huku anakuna nazi.

Katika jambo moja Maalim alikuwa mkali bila ya msamaha, nalo ni lugha. Darasani hakutaka kusikia Kipemba. Mtoto akisema "kuno", alimgongea dawati kidogo kwa kidole na kungoja mpaka aseme "huku". Tulidhani anakionea haya Kipemba. Mpaka siku moja nilitumwa sokoni kununua dagaa, nikamkuta Maalim amechutama mbele ya muuza samaki, wanabishana kwa Kipemba kizito ambacho hata mimi nilikifuata kwa taabu, maneno ya wazee wa zamani, na watu wamewazunguka wanacheka kwa raha. Aliponiona hakushtuka. Kesho yake nilipata ujasiri wa kumuuliza. Aliweka kofia yake chini, jambo la nadra, akaniambia:

"Darasani nakupeni nguo ya kutokea. Sikukwambieni mkachome moto ya nyumbani."

Nilicheka tu wakati ule. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na kila mtu niliyemjua alizungumza kama mimi.

Alikuwa na mapenzi ambayo hayakulingana na utulivu wake. Huyu mtu aliyeshona kofia kwa miezi bila ya kukosea tundu alikuwa mshabiki mkubwa wa mchezo wa ng'ombe. Panapochezwa ng'ombe, hata kama ni mwendo wa nusu siku, Maalim alikwenda, na alisimama mbele kabisa, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni. Wanawake wanaimba, zumari inalia, ng'ombe amefungwa kamba ndefu na vijana wanamchokoza kwa nguo, na Maalim anapiga makofi kama mtoto.

Siku moja alituchukua darasa zima. Ng'ombe akakata kamba. Uwanja mzima ulivurugika; watu waligeuka kukimbia walikotoka na wakaangukiana. Nilisikia sauti ya Maalim, ile sauti ambayo hakuitumia darasani, ikipasua kelele zote: "Kando! Msirudi nyuma! Ndooni kuno kandoni!" Tulikwenda upande, mshazari, kama anavyotambaa kaa, tukatokea kwenye migomba salama, wote. Njiani kurudi alitufafanulia bila ya haraka kwamba umati wa watu una nguvu mbele na una nguvu nyuma, lakini ubavuni hauna nguvu, na kwamba mwenye kujua hilo hawezi kufa kwa kukanyagwa. Alilisomesha kama anavyosomesha hesabu.

Na huyo huyo, mzaliwa wa kisiwa, alikuwa hawezi chombo. Akisafiri kwa meli kutoka Mkoani kwenda Unguja, alilala chini tangu kamba zifunguliwe, ndimu puani, macho ameyafumba, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Wavuvi walimcheka mbele ya uso wake. Alicheka nao, lakini kutoka nchi kavu.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipata nafasi ya kwenda kusoma Misri. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari Unguja, na huko Unguja ndiko nilikojifunza kuficha. Nilipofungua mdomo siku ya kwanza wenzangu walicheka, na mmoja akaniomba niseme tena ili aite rafiki zake wasikie. Haikuchukua muda nikawa nazungumza kama mtu wa mjini. Nilipofika Kairo, mtu akiniuliza kwetu wapi, nilisema Unguja. Katika dakhalia yetu, nyumba ya kulala wanafunzi, mtu mmoja tu aliyeujua ukweli, naye ni Suleiman, kijana mdogo wa umbo kutoka Unguja Mjini, mgonjwa wa pumu na mwingi wa maneno. Tulikuwa marafiki wa kweli. Hakunifichua kwa watu, ila tukiwa wawili alipenda kuniita Mpemba wa kujificha.

Mwaka wangu wa pili ulikuwa umeanza ilipokuja habari kwamba mwalimu mmoja wa Pemba amechaguliwa kuja kusoma mwaka mmoja wa ufundishaji wa Kiarabu, na kwamba atakaa katika dakhalia yetu. Nilishuka ngazi jioni moja nikamkuta Maalim amekaa juu ya sanduku lake ukumbini, kofia mkononi, sindano inapanda na kushuka, kama mtu anayengoja kengele ya skuli.

Alikuwa karibu kutimiza miaka hamsini. Wanafunzi wenzake darasani wangeweza kuwa watoto wake, na wengine, kama mimi, walikuwa wamepita mikononi mwake. Mtihani wa kwanza alianguka. Sisi tulioanguka mitihani tulikuwa tukiificha karatasi chini ya godoro. Yeye aliibandika ukutani juu ya kitanda chake, wino mwekundu mtupu, na kila usiku kabla ya kulala alisahihisha kosa moja na kuufunika wino wake kwa penseli. Kiarabu chake kilikuwa kile cha vitabuni, kilichonyooka na kukamilika, ambacho watu wa Kairo hawakisikii ila msikitini siku ya Ijumaa. Alinunua vitunguu kwa lugha hiyo. Muuza vitunguu aliita jirani zake waje kusikiliza, na Maalim, badala ya kuona haya, aliwarudilia sentensi wote pamoja.

Mimi niliona haya kwa niaba yake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliona haya kwa ajili yangu. Alivaa makubadhi kila mahali. Alinisemesha kwa Kipemba kutoka mwisho wa ukumbi, kwa furaha, na mimi nilimjibu kwa maneno machache ya mjini, au nilijifanya sikusikia. Aliniomba nimsaidie matamshi ya Kimisri, nikamwambia nina kazi nyingi.

Mchana mmoja kwenye chumba cha kulia, Fathi, mwanafunzi wa Kimisri tuliyekuwa tukisoma naye, aliniuliza yule mzee ni nani, mbona anazungumza nami kama baba na mwanawe. Nilimjibu kwamba simjui vizuri. Nilimwambia anatoka shamba, upande mwingine wa visiwa vyetu, na watu wa huko ndivyo walivyo. Nilipogeuka, Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli lake la supu ya dengu. Kiarabu changu kilikuwa rahisi na wazi. Hakuna neno ambalo hakulielewa. Alisema "samahanini" akapita katikati yetu, akaenda kukaa meza ya dirishani.

Nilingoja anibadilikie. Hakunibadilikia. Asubuhi iliyofuata aliniamkia vile vile, kwa ukunjufu ule ule wa mlangoni Mkoani, akauliza kama mama ameandika. Kwa siku nyingi nilitamani angenitukana.

Wiki chache baadaye kulikuwa na maulidi ya mtaani katika mitaa ya zamani ya mji, na Fathi akatualika, mimi na Suleiman. Maalim alisikia, akauliza kama na yeye anaweza kuja. Hakuna aliyeweza kumkatalia. Tuliondoka baada ya sala ya alasiri, sote wanne, kwa tramu iliyojaa watu waliovaa nguo mpya.

Sisi kwetu maulidi ni kukaa. Unakaa juu ya busati kwa adabu, unasikiliza, unasimama pa kusimama, unanyunyiziwa marashi, unafukizwa udi, unakula, unarudi. Pale Kairo maulidi yalikuwa mtaa mzima umetoka nje. Mahema ya vitambaa vya rangi yalisimamishwa katikati ya njia, vibendera vya karatasi vilivuka juu kutoka nyumba hadi nyumba, pembea zilipanda na watoto wakipiga mayowe, na kila hatua kulikuwa na mtu anauza: njugu za kuchoma, kunazi, vinywaji vyekundu. Kulikuwa na meza zimejaa wanaserere wa sukari, wamevishwa karatasi za kumeremeta na mapepeo mgongoni, na farasi wa sukari na wapandaji wao. Ndani ya mahema wanaume walisimama safu wakipiga dhikri, vichwa vinakwenda kulia na kushoto pamoja.

Nilidhani Maalim atachukizwa. Alitoa daftari lake dogo mfukoni akaanza kuuliza majina ya vitu. Aliandika jina la pembea, la mwanaserere, la ngoma kubwa. Alisimama muda mrefu mbele ya hema moja la dhikri, midomo inatikisika. Alipotoka pale aliniambia kwamba Mtume ni mmoja lakini furaha ya watu ina lafudhi nyingi, na hiyo aliiandika pia. Suleiman alimcheka kwa upendo, akamuiga anavyoandika. Hata mimi nilianza kulegea na kufurahi.

Tulikuwa tumeingia kwenye njia nyembamba yenye maduka ya mafundi wa shaba pande zote mbili ndipo msafara ulipokuja. Ulikuwa na bendera na ngoma na wapanda farasi, na nyuma yake watu wengi wasiohesabika. Upande tulikotoka, mkokoteni wa maji ulikuwa umekwama baina ya kuta mbili. Kwa hiyo wanaokuja walisukuma na wanaotoka hawakuweza kutoka. Kwanza watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Nilihisi miguu yangu inanyanyuka kutoka chini bila ya mimi kuinyanyua. Fathi, aliyekuwa mbele yangu, alichukuliwa na watu akapotea. Mwanamke karibu yangu alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ya juu. Nikageuka nianze kusukuma kurudi nilikotoka, kwa viwiko, kwa nguvu zangu zote, kama walivyofanya wote.

"Kando! Msirudi nyuma! Ndooni kuno!"

Kabla akili yangu haijafikiri, miguu ilikuwa imeshatii. Niliacha kusukuma, nikageuza bega, nikaenda mshazari, nusu hatua nusu hatua, kila palipofunguka upenyo, mpaka nikaliona banda la duka na mkono wa Maalim umenyooshwa kutoka ndani. Alinivuta. Aliniangalia uso, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Mwenzio yu wapi?"

Suleiman alikuwa nami kabla ya hapo. Tukatazama, na tukaona pale katikati mahali ambapo vichwa vimeinama, watu wanajaribu kutomkanyaga mtu na hawawezi.

Maalim aliikunja kanzu yake na kuifunga kiunoni. Alivua kilemba kirefu alichojifunga kwa baridi, akanipa ncha moja nishike, nyingine akaizungusha mkononi, na akaniambia nisiiachie hata nikivutwa. Akaingia. Nilimwona akienda ubavu ubavu, mfupi yule, akizama na kuibuka. Alipofika pale alinyanyua mikono miwili akapiga kelele kwa Kiarabu chake cha vitabuni, kila irabu mahali pake: simameni, enyi watu, simameni, mwenzenu yuko chini.

Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Mtu wa pale angepiga kelele kwa lugha ya mtaani, nayo ingepotea katika kelele nyingine mia. Lakini lugha ile watu wale waliizoea kutoka mimbari tu. Waliokuwa karibu walishtuka wakasimama kama waliosikia khutba. Wakawapokeza wa nyuma yao: simameni, simameni. Wanaume wawili wakashikana mikono nyuma yake wakafanya ukuta. Ikapatikana nafasi ya pumzi chache tu, naye hakuhitaji zaidi. Aliinama, akamtia Suleiman mgongoni kama gunia la karafuu, na mimi nikavuta kile kilemba kwa nguvu zangu zote huku nalia bila ya kujua.

Suleiman alikuwa mweupe midomoni, pumzi inapiga mluzi kifuani. Fundi wa shaba alileta maji na kigoda. Maalim alimkalisha, akamwinamisha mbele kidogo, akawa anampepea kwa daftari lake na kumhesabia pumzi taratibu, moja, mbili, mpaka mluzi ukapungua. Nje msafara ulikuwa umeanza kusogea. Fathi akatufikia, shati limechanika, watu kadhaa wakiwa naye wanamtafuta yule mtu aliyepiga kelele. Fundi wa shaba akatuuliza, huyu bwana ni nani?

Nikasema kwa Kiarabu, "Ni mwalimu wangu. Amenisomesha tangu mtoto. Sote wawili tunatoka Pemba."

Nilisema kwa sauti ndogo. Maalim hakunyanyua macho. Aliendelea kumpepea Suleiman, kisha daftari likasimama hewani.

"Sema tena," akaniambia, "kwa sauti ya mtu anayejua."

Nikasema tena, kwa sauti kubwa, mbele ya Fathi na fundi na watu wote waliojaa mlangoni. Daftari likaendelea kupepea.

Kwenye tramu ya kurudi Suleiman alilala begani kwa Fathi. Nilikaa na Maalim nikatafuta maneno ya kuomba radhi kwa yale ya chumba cha kulia. Hakunipa nafasi ya kuyamaliza. Aliniambia kwamba yeye alipokwenda Unguja mara ya kwanza kusomea ualimu, kijana kuliko mimi, aliwaambia watu anatoka Ng'ambo, pale pale mjini. Aliishi hivyo miezi mitatu, mpaka baba yake alipokuja kumtazama na kuuliza njia kwa Kipemba, na yeye akamwona kwa mbali akajificha nyuma ya mlango. Baba yake aliondoka bila ya kumuona. "Mie sikupata wa kuniambia sema tena," akasema. Kisha akatoa kofia yake mfukoni, akashona mpaka kituo chetu.

Tangu siku hiyo sikumpa mtu jibu jingine akiniuliza kwetu wapi. Suleiman naye alijifunza maneno ya Kipemba kwa Maalim, akiyaandika, na mpaka leo akiniandikia barua huanza kwa lugha hiyo, na hukosea. Maalim alimaliza mwaka wake akafaulu. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa haionyeshi tena wino mwekundu hata doa moja. Siku anaondoka, wanafunzi wa dakhalia nzima, Waunguja, Wapemba, Wasudani na Wamisri, walibeba sanduku lake kwa kupokezana mpaka stesheni, na wakati huo kule nyumbani siasa zilikuwa zimeshaanza kuwatenga watu hata mezani. Nilitembea mbele yao wote kama mtu anayeonyesha mali yake.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, mimi nimerejea na nimepewa kusomesha Mkoani, katika darasa lile lile. Nilimuulizia. Waliniambia alipewa nafasi ya ofisini Unguja, akaikataa, akaomba apelekwe Kisiwa Panza. Nilidhani ni mzaha, mtu asiyeweza chombo kwenda kukaa kisiwa kisichofikika ila kwa chombo. Siku ya mapumziko nikashuka pwani ya Chokocho nikavushwa kwa mtumbwi. Mvuvi aliyenivusha alisema Maalim huvuka mara moja kwa mwezi, macho ameyafumba, na wao humsomea hesabu za kuzidisha njia nzima ili asikumbuke maji.

Nilimkuta darasani baada ya alasiri. Asubuhi alisomesha watoto, na alasiri darasa lilikuwa la wazazi wao. Madawatini walikaa wavuvi na wanawake wanaochokoa pweza, kanga zao bado zina unyevu, kila mmoja na penseli. Nywele za Maalim zilikuwa nyeupe zote na macho yalikuwa yameanza kumwondoka. Kofia sasa alishona kwa kupapasa. Alinitambua kwa hatua zangu. Hakunikumbatia mbele ya darasa. Alinipa chaki, akasema mgeni anatoka Misri na atatusomesha, kisha akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma pamoja na mvuvi mmoja mkubwa, akabanana naye.

Nilichora ramani ubaoni. Nilichora Pemba, pwani ya Afrika, Bahari ya Sham, mpaka Misri. Mama mmoja aliyeitwa Bi Mize aliuliza kama maji ya kule ni bahari nyingine au ndiyo hii hii yetu. Nikamwambia ni hii hii, maji yote yameshikana, na nikamwonyesha njia kwa kidole. Wakaitazama ile ramani.

Nyuma kabisa mkono ukanyanyuka. Ulikuwa wa Maalim. Alingoja, mkono juu, kama mwanafunzi mwingine yeyote, na mimi nikachelewa kidogo kabla ya kumpa ruhusa.

"Maji haya ya hapa Panza," akauliza, "yachukua muda gani kufika kule?"

Darasa zima likanigeukia. Nilifikiri mikondo, nilifikiri pepo, nilifikiri vitabu vyote nilivyosoma.

"Sijui, Maalim," nikasema.

Akatabasamu, akaushusha mkono wake. Akamuomba Bi Mize ampe penseli, akafungua ukurasa mpya, akauinamia kwa karibu ili auone.

"Basi liandike swali ubaoni," akasema. "Nasi tuliandike."

Nikaliandika kwa herufi kubwa, neno baada ya neno, na nyuma yangu nikasikia penseli zao zote zinakwangua karatasi.